Padri wa Kiarabu Katoka Wapi? Irma Stern na Nyuso Alizozichora Unguja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilikutana na picha kwenye simu, ya mzee mwenye ndevu. Imeandikwa kwamba ilichorwa Zanzibar mwaka 1945 na mama mmoja anayeitwa Irma Stern, ikaja kuuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Jina lake "Arab Priest". Nikamwonyesha bibi yangu, mzaliwa wa Mji Mkongwe. Alicheka, akasema: "Padri wa Kiarabu katoka wapi? Huyo shehe wa watu." Baadaye nikatafuta picha nyingine za huyo mama, nikaona nyuso zenye kijani na zambarau. Nina maswali manne. Huyu mama ni nani? Alifuata nini Unguja? Mbona rangi za watu si rangi zao? Na je, alituchora kwa heshima au alitugeuza bidhaa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe bibi yako salamu zangu, maana kwa kicheko kimoja ameshika jambo ambalo wauzaji wa sanaa walilipita miaka na miaka bila kusimama. Uislamu hauna padri. Una imamu, una kadhi, una maalimu wa chuoni, una mwanachuoni aliyezeeka mbele ya vitabu, na una mzee tu wa mtaani aliyefuga ndevu na kuvaa kanzu safi ya Ijumaa. Aliyeipa picha jina lile hakujua ni yupi kati ya hao aliyekaa mbele ya turubai, au alijua akaona haidhuru. Nitalirudia neno hilo, kwa sababu nusu ya jibu la swali lako la nne imo humo. Kwanza tumjue mwenyewe.

Irma Stern alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1894 huko Schweizer-Reneke, mji mdogo wa Transvaal, Afrika Kusini. Wazazi wake walikuwa Wayahudi kutoka Ujerumani, baba yake mtu wa duka na ng'ombe. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipozuka mwaka 1899, baba alitiwa kizuizini na Waingereza kwa kuwaunga mkono Makaburu. Mama akawachukua watoto wake wawili, Irma na mdogo wake, akaenda nao Cape Town, na baada ya hapo familia ikarudi Ujerumani. Tangu hapo utoto wa Irma ukawa wa melini, miaka huku, miaka kule. Mtoto wa namna hiyo huwa na kwao kuwili, na kila akiwa kumoja huota kwingine. Shika hilo, kwa sababu ndilo lililompeleka hadi Forodhani kwenu.

Mwaka 1913 aliingia chuo cha sanaa cha Weimar, mwaka uliofuata akahamia Berlin. Vita Kuu ya Kwanza ikamkutia huko. Mwaka 1916 alichora picha aliyoiita "Mtoto wa Milele": msichana aliyekondeshwa na njaa ya vita, ameketi, macho yamemtoka makubwa kuliko umri wake. Mwalimu wake hakuipenda. Kwa mafunzo ya wakati ule picha nzuri ilikuwa ile iliyopima vizuri pua na sikio, na ile haikupima. Irma akaondoka kwa mwalimu huyo, na mwaka 1917 akakutana na Max Pechstein, mchoraji wa Kijerumani, ambaye aliitazama picha ile ile akaona mchoraji amezaliwa. Pechstein ndiye aliyemfungulia njia Berlin. Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalifanyika mwaka 1919 katika jumba la sanaa la Fritz Gurlitt, naye akawa miongoni mwa waanzilishi wa Kundi la Novemba, wasanii waliojikusanya mwaka 1918 baada ya mapinduzi yaliyomng'oa Kaisari.

Sasa niingie kwenye rangi, maana hapa ndipo wengi hukwama, na wengine hukasirika.

Pechstein alitoka katika kundi lililoitwa Die Brücke, yaani Daraja, lililoanzishwa Dresden mwaka 1905 na vijana wanne waliokuwa wakisomea ujenzi wa majumba. Mtindo wao ndio ulioitwa Uekspresioni. Neno linatisha, jambo lenyewe unalijua tangu utotoni kwa sababu Kiswahili kimejaa Uekspresioni. Mtu akifiwa tunasema uso umemsawijika. Mwenye hasira ana jicho jekundu. Msema kweli ana moyo mweupe, na anayefurahi ana uso mkunjufu. Hakuna daktari atakayepasua kifua akute moyo mweupe, lakini hakuna Mswahili atakayesema umedanganya. Lugha imeacha rangi inayoonekana kwa jicho, ikachukua ile inayohisiwa ndani. Vijana wale wa Dresden walifanya hivyo kwa brashi. Kama mwanamke amesawijika, watautia uso wake kijani. Kama mtaa unatisha, nyumba zitainama juu ya wapita njia. Mkono hautumwi kunakili kilichoko mbele, unatumwa kutoa kilichomo moyoni, na kama umbo litapinda njiani, basi lipinde.

Kuna na sababu ya pili, ya kifundi. Kakae barazani alasiri, mkabala na ukuta uliopakwa chokaa, umtazame mtu aliyekaa upande wa kivuli. Tazama shavu lake kwa utulivu, usijiambie kwanza kwamba ni la kahawia. Utakuta upande wa mbinguni umepiga ubuluu, upande wa ukuta umepokea weupe wa chokaa, na penye kilemba chekundu au kanga ya manjano rangi imemwagikia shingoni. Macho huona hayo yote, ila akili huyafuta haraka na kusema "ngozi". Stern hakuiruhusu akili ifute. Alipaka rangi ya mafuta nzito, mbichi juu ya mbichi, kwa haraka, na aliyoyaona akayazidisha. Kwa hiyo kijani ulichokiona shavuni si kosa wala dharau. Alipochora Wazungu aliwatia kijani vilevile, na alipochora maboga hakuyahurumia.

Wale vijana wa Daraja hawakuyapata hayo hewani. Walikuwa wakienda makumbusho ya Dresden kutazama vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki, wakishangaa jinsi fundi anavyothubutu kufanya kichwa kiwe kikubwa na miguu iwe mifupi bila kuomba radhi. Vinyago hivyo vilifika Ulaya kwa njia za ukoloni. Mwaka huo huo wa 1905 walipounda kundi lao, kusini mwa Tanganyika serikali yao ilikuwa vitani na watu wa Maji Maji. Sisemi walishika bunduki. Nasema meza waliyolia chakula chao ilikuwa imetandikwa na wengine. Na Pechstein mwenyewe, mwaka 1914, alisafiri hadi Palau, visiwa vya Pasifiki vilivyokuwa chini ya Ujerumani, akitafuta pepo: watu wasioharibiwa na viwanda, bahari, miili isiyo na haya. Vita ikaanza, Wajapani wakaviteka visiwa, pepo ikaisha baada ya miezi michache. Mbegu hiyo ya pepo ndiyo aliyomwachia mwanafunzi wake. Tofauti ni kwamba Irma Stern, aliyezaliwa Afrika, aliamini pepo iko kwao na ufunguo anao.

Mwaka 1920 alirudi Cape Town. Mwaka 1922 akaonyesha picha zake kwa mara ya kwanza pale mjini, na mji ukacharuka. Mwandishi wa gazeti alisema amefanya ubaya kuwa ibada. Polisi waliitwa kuja kutazama kama picha zile zinavunja maadili. Naona hili linachekesha kidogo: Wazungu wa Cape Town walioudhika hawakuudhika kwa sababu Waafrika wamechorwa bila heshima. Wengi waliudhika kwa sababu Waafrika wamechorwa kabisa, tena wakubwa, wanajaza turubai kama malkia na maaskofu. Umaarufu ulichukua muda kumfikia. Ulipofika hakuuachia tena, na katika miaka ya 1950 nchi yake ikampeleka mara nne kuiwakilisha katika maonyesho makubwa ya Venice.

Ndoa yake niipite upesi: aliolewa mwaka 1926 na Johannes Prinz, profesa wa Kijerumani, wakaachana mwaka 1934. Hawakupata mtoto.

Miaka hiyo ya 1920 alizunguka Natal, Swaziland na Pondoland akichora wanawake wenye shanga, wavunaji, waogao mtoni. Picha nzuri, na nyingi zina uongo ndani yake. Wanaume wa vijiji vile walikuwa migodini Johannesburg, mashamba yamenyang'anywa kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1913, kodi inadaiwa. Kwenye turubai hakuna hata kimoja cha hayo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, akarudi sehemu alizokuwa akizipenda, akakuta watu wamevaa nguo za Kizungu. Alilalamika gazetini kwamba wamejisalimisha kwa ustaarabu. Soma hapo taratibu. Mtu amenunua shati lake kwa jasho la mgodi, na mchoraji anahuzunika kwa sababu pepo yake imevaa viatu.

Mwaka 1933 Hitler akashika madaraka. Kwa Myahudi, Berlin ilifungwa. Mwaka 1937 Wanazi walizikusanya picha za Waekspresioni huko Munich, Pechstein akiwemo, wakazitundika ovyo ili watu waje wazicheke kama sanaa iliyooza. Fikiria hali yake: nchi iliyomfundisha kazi imemkana kwa damu na kwa sanaa pia, na pepo ya nyumbani kwake imemvunjika mkononi. Ndipo akageukia kaskazini. Alikwenda Dakar mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1939 akapanda meli kuja Zanzibar.

Alifuata nini, basi? Alifuata nyuso ambazo, kwa macho yake, hazijavunjika. Aliamini ameukuta mji wa zamani usioguswa, wenye dini yake, adabu yake, mahari yake na hekima yake. Ukweli ni kwamba alifika bandari ambayo kwa karne nyingi ilikuwa imeguswa na kila upepo: Waomani, Wahindi wa Kachi, Mabohora, Washihiri, Wangazija, Wamanyema, Wanyasa, na Waingereza waliokuwa wakiutawala mji tangu 1890 huku Sultani Khalifa bin Harub amekaa kwenye kiti. Hakuna mji usio "safi" kama ule, na uzuri wake ulitokana na huko kuchanganyika. Yeye aliona vazi, akaamini ameona asili.

Lakini nitakwambia jambo moja kwa upande wake, na ninalisema kama mtu aliyetazama picha nyingi. Unguja ilimbadilisha mkono. Wale waogao mtoni wa Pondoland ni wazuri, ila ukiwatazama kumi utaona ni mtu mmoja. Watu wa Zanzibar hawafanani. Huyu amechoka. Huyu ana kiburi, na anajua unamtazama. Huyu anakungoja umalize uondoke, chakula kinapoa. Kitu fulani katika watu wale kilimlazimisha achore mtu na si pepo, nami nadhani ni adabu ya pwani. Mswahili akikaa mbele ya mgeni hakupi moyo wake siku ya kwanza. Anakupa uso mkunjufu na kahawa, mengine anayaweka ndani. Mchoraji aliyezoea kuchukua tu akakutana na mlango uliorudishwa nusu, na picha zake bora ni picha za mlango huo. Usisahau pia kwamba ulikuwa mji ambamo Waislamu wengi waliona kuchorwa taswira ya kiumbe ni jambo la kuhofia. Kila mzee aliyekubali kukaa alikuwa amefanya uamuzi.

Kwa kutaja mlango: fremu. Hili hukuliuliza, ila ukiiona picha yenyewe utaliuliza, na mimi siwezi kulinyamazia. Picha nyingi za Zanzibar ziko ndani ya fremu za mbao zilizochongwa kwa nakshi za kwetu, zile zile za milango ya Mji Mkongwe: mnyororo pembezoni, mawaridi, majani yanayojisokota. Wauzaji husema zilitokana na miimo ya milango ya kale. Yeye aliziona kama sehemu ya kazi, na alikuwa sahihi. Ukiiweka picha yake moja katika fremu ya dhahabu ya Kizungu inakuwa picha ya mgeni aliyekuja kutembea. Ndani ya miimo ya mvule au msaji, mzee yule amesimama mlangoni kwake na wewe ndiye uliyebisha hodi. Seremala aliyeichonga alifanya nusu ya kazi hiyo, na katika orodha za mnada hulipwa kwa maneno mawili: "fremu asili".

Mwaka 1942, vita ikiwa bado, alikwenda Kongo, akaonyesha picha zake Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, akachora Wamangbetu na watu wa jumba la kifalme la Rwanda. Akaandika kitabu cha safari hiyo mwaka 1943. Mwaka 1945 akarudi Zanzibar, na mwaka 1948 kikatoka kitabu chake cha pili, cha Zanzibar, chenye michoro yake mwenyewe. Ziara hiyo ya pili ndiyo iliyozaa picha uliyoiona na nyingine ya binti wa Kibohora, yaani wa jamii ya Waislamu wa Kihindi.

Sasa bei. Mnada ulifanyika katika nyumba ya mnada ya Bonhams, London, Machi 2011, na mzee yule aliyemchekesha bibi yako akaenda kwa pauni 3,044,000, bei ambayo wakati huo haijawahi kufikiwa na picha yoyote ya Afrika Kusini. Mnunuzi alikuwa mamlaka ya makumbusho ya Qatar. Afrika Kusini kukazuka mabishano juu ya kibali cha kuitoa nchini, kwa hoja kwamba ni urithi wa taifa. Tazama kichekesho hiki: mzee amekaa Unguja, amechorwa na binti wa Kiyahudi wa Transvaal aliyefundishwa na Mjerumani, nchi inayosema "ni wetu" ni Afrika Kusini, anayeshinda ni Qatar, na Zanzibar haikuitwa hata kutoa ushahidi. Miezi michache kabla, binti wa Kibohora alikuwa ameuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 2, na mwaka huo wa 2011 picha ya Waarabu wawili, ya mwaka 1939, ikapata zaidi ya randi milioni 21.

Kwa nini ghali hivyo? Sababu si moja. Soko la sanaa ya Afrika Kusini lilipanda kwa kasi katika miaka hiyo, na wenye fedha walitaka jina moja kubwa la kushindania. Kazi zake za Zanzibar na Kongo zinahesabiwa kuwa kilele chake, na zilizoko mikononi mwa watu si nyingi. Ghuba nayo ilikuwa inajenga makumbusho na kutafuta nyuso za Waarabu zilizochorwa kwa ustadi. Ongeza na fremu.

Kuna picha nyingine ambayo kisa chake nakipenda kuliko bei yake. Ni Mwarabu aliyevaa nguo nyeusi, ya mwaka 1939. Mwishoni mwa 1956 serikali ya makaburu iliwakamata watu 156, Nelson Mandela miongoni mwao, ikawashtaki kwa uhaini. Kesi ikaendelea hadi 1961 ndipo wa mwisho wakaachiwa. Mawakili wanataka fedha. Mmiliki wa picha ile akaitoa ipigwe mnada kusaidia gharama za utetezi. Aliyeinunua baadaye alihamia Uingereza, na miaka ilipopita mjuzi mmoja alipoingia katika nyumba ile London aliikuta jikoni, imegeuzwa ubao wa kubandikia barua na bili. Ikauzwa mwaka 2015 kwa pauni 842,500. Kwa hiyo Mwunguja mmoja, bila kujua, alisaidia kulipa mawakili wa Mandela. Usimpe Stern sifa hiyo, hakuitoa yeye. Siasa alizikwepa kwa juhudi.

Nije kwenye swali lako la nne, na kwenye lile neno padri.

Soma majina ya picha zake kwa kufuatana: Padri Mwarabu. Waarabu Wawili. Mwarabu katika Nguo Nyeusi. Malkia wa Watusi, na malkia hajatajwa jina. Binti wa Bahora, na hapo hata herufi zimekosewa, kwa kuwa mji mzima ulisema Bohora. Sasa soma majina ya picha alizowachora jamaa na marafiki zake wa Cape Town: mara nyingi kuna jina la mtu. Bibi fulani, profesa fulani. Mtu wa kwao alichorwa kama mtu, wa kwetu akaandikwa kama aina. Hiyo ndiyo dhambi yake, na sitaki kuipunguza kwa kusema "ndivyo nyakati zilivyokuwa". Nyakati hizo hizo mjini Unguja kila mtu alikuwa na jina, la baba yake na la babu yake, na angemtajia mgeni akiulizwa.

Tena neno "Mwarabu" Unguja mwaka 1945 halikuwa la kurembea picha. Wakati wa vita serikali iligawa chakula kwa kufuata kabila: walioandikwa Waarabu na Wahindi walipata mchele, walioandikwa Waafrika wakaelekezwa kwenye vyakula vingine. Watu waliokula sahani moja jana wakajikuta wanaulizwa wewe nani. Wako waliobadilisha walivyojiandikisha kwa ajili ya wali. Bibi yako, au mamake, huenda wanaikumbuka hiyo foleni. Mchoraji alipokuwa akiandika "Arab" nyuma ya turubai, karani ofisini alikuwa akiandika neno hilo hilo kwenye kadi, na kalamu ya karani ilikuwa na njaa ndani yake. Mapinduzi ya Januari 1964 yalitokea miaka 19 baadaye. Nyingi za nyuso zile, au za watoto wao, zilitawanyika: Muscat, Dubai, London, Dar es Salaam. Kuna familia leo hazina picha hata moja ya babu, na inawezekana kabisa babu amening'inia katika ukumbi wenye kiyoyozi akiitwa padri.

Basi alituheshimu au alitugeuza bidhaa? Majina yanasema bidhaa. Rangi zinasema jambo jingine. Huwezi kuchora jicho namna ile bila kumsikiliza mwenye jicho, hata kama hukuelewa lugha yake. Mimi naamini alipokuwa ameshika brashi alikuwa mwanafunzi, na alipoiweka chini akashika kalamu akawa tena bibi wa Kizungu aliyekuja kutafuta pepo. Maandishi yake naweza kuyafunga nikalala. Picha zake haziniachi. Wako wenzangu wanaosema mambo hayo mawili hayatenganishwi, kwamba uzuri wenyewe ndio mtego, na tukikutana hatumalizi. Wewe utajionea.

Alifariki Cape Town tarehe 23 Agosti 1966, akiwa na miaka 71. Nyumba yake ya Rosebank, aliyoishi karibu miaka 40, iligeuzwa makumbusho baada ya kifo chake. Ilijaa alivyovikusanya safarini, na mlango wake wa kuingilia ni wa kuchongwa, wa Zanzibar.

Nina ombi. Usimwonyeshe bibi picha ya uso tu, mwekee na nyingine, kisha umwulize mavazi. Mwambie akutazamie kilemba kimefungwaje, kwa sababu wazee wa rika lake walijua kwa mfungo tu huyu wa ukoo gani, yuko karibu na jumba la Sultani au mbali nalo. Atazame joho, na kofia kama ni ya kushona kwa mkono. Atazame mtandio wa yule binti wa Kibohora. Akitaja jina la mtu, liandike hapo hapo, pamoja na mtaa na jina la baba, hata kama atasema "nafananisha tu". Uniletee.